Kapeti, Bizari na Mahakama ya Maidstone

Machi 2017, gazeti la The Sun la Uingereza lilichapisha maneno ya barua pepe ambayo mwenye nyumba mmoja wa Kent, kusini-mashariki mwa England, Fergus Wilson, alikuwa amemtumia wakala wa kupangisha nyumba. Humo mlikuwa na sentensi moja iliyozua kasheshe: watu wa rangi hapana, kwa sababu ya harufu ya mchuzi wa bizari inayobaki mpangaji akishahama. Neno alilotumia kwa huo mchuzi, "curry", ni lile ambalo Waingereza hulimwagia kila chungu chenye bizari, kiwe cha Gujarat, cha Bangkok au cha Forodhani.

Huyu hakuwa mtu wa chumba kimoja cha uani anachokipangisha ili apate hela ya umeme. Wilson na mkewe Judith, waliowahi kuwa walimu wa hisabati, walikuwa wamejikusanyia nyumba zinazokaribia 1,000, nyingi zikiwa Ashford na Maidstone. Kwa hiyo sentensi ya mtu mmoja ilikuwa inafunga milango ya mitaa mizima. Waandishi wa habari walipomfuata, hakuikana. Akafafanua: harufu hunasa kwenye kapeti, inabidi utafute dawa ya kuiondoa, na ikizidi unang'oa kapeti lote unatandika jipya.

Novemba mwaka huohuo, Jaji Richard Polden wa Mahakama ya Kaunti ya Maidstone alitamka kwamba sera hiyo ni kinyume cha sheria, akamwekea Wilson zuio la miaka mitatu asiitumie. Aliyefungua shauri hakuwa mpangaji. Ilikuwa ni Tume ya Usawa na Haki za Binadamu, chombo cha umma chenye uwezo wa kwenda mahakamani hata kama hakuna mtu aliyejitokeza kusema "mimi nilinyimwa nyumba". Wenye nyumba wengi nikiwasimulia hushtukia hapo. Wao hudhani ubaguzi ni mpaka mtu afukuzwe mlangoni, alie, apige picha. Kumbe maelekezo yaliyokaa kwenye simu ya wakala yanatosha.

Hukumu yenyewe haina ugumu wowote. Kilichonifanya nirudi kwenye kisa hiki mara kwa mara ni kwamba Wilson alikuwa na lalamiko la kweli, lenye dawa inayojulikana, tena dawa ya halali. Akaiacha dawa, akaandika rangi ya ngozi.

Kapeti lilikuwa la kweli

Nimtendee haki kwanza. Harufu ipo. Kitunguu kikikaangwa mpaka kikawa rangi ya kahawia, halafu zikafuata hiliki, mdalasini, karafuu, pilipili manga na bizari nyembamba kwenye mafuta ya moto, kile kinachopanda si mvuke mtupu. Ni vitone vidogo mno vya mafuta vilivyobeba harufu, na vitatua popote vitakapotua. Kwetu vinatokomea hewani, kwa sababu jiko liko uani, au dirisha la nondo halifungwi mwaka mzima, na chini ni saruji au vigae vinavyopigwa deki kila asubuhi. England mwezi Januari, madirisha yamefungwa kukwepa baridi, jiko limeungana na sebule, na kuanzia mlango wa jiko hadi chini ya kitanda kumetandikwa kapeti nene lililopigiliwa pembeni kote. Vitone vilevile havina pa kutokea. Nimeishi kwenye nyumba ya namna hiyo. Koti langu lilinuka vitunguu majira yote ya baridi, na kwenye basi nilikuwa najua kwamba jirani yangu anajua nilikula nini jana.

Kwa hiyo tatizo limesimama juu ya mafiga matatu: mapishi, kapeti na hewa. Mawili kati ya hayo yako mikononi mwa mwenye nyumba kabla mpangaji hajapewa ufunguo. Anaweza kuondoa kapeti karibu na jiko akaweka vigae au sakafu ya mbao. Anaweza kuweka feni inayosukuma hewa nje ya ukuta. Nasema nje ya ukuta kwa makusudi, kwa sababu flati nyingi za kupangisha zina kile kifuniko cha juu ya jiko kinachopitisha moshi kwenye kichujio cha mkaa kisha kinautema uleule ndani ya chumba. Na kichujio hicho mpangaji hajaambiwa kwamba kipo, sembuse kwamba kinabadilishwa. Ukipika samaki wa kukaanga chini ya kidude hicho ni kama kumfukuza mbu kwa kumhamisha chumba.

Figa la tatu, mapishi, halina rangi ya ngozi. Aprili 2001, waziri wa mambo ya nje wa Uingereza wa wakati ule, Robin Cook (na jina lake ndilo hilo, Mpishi) alisema kwenye hotuba kwamba kuku wa tikka masala ndicho chakula halisi cha taifa la Uingereza. Sasa chukua chujio la Wilson la kuchagua wapangaji ulipime kwa kipimo chake mwenyewe, cha kulinda kapeti. Mzungu wa Ashford anayepika tikka kila Ijumaa na kuacha sufuria ichemke bila kifuniko angepita. Nesi wa asili ya Kihindi anayefanya zamu za usiku na kula mkate na mayai angezuiwa. Weusi kutoka Ghana, Jamaika au Kongo nao wangezuiwa kwa mchuzi ambao pengine hawajawahi kuupika. Chujio ni baya hata kwa kazi lililotengenezewa.

Na haikuwa mara yake ya kwanza kuwapanga watu kwa mafungu. Januari 2014 aliwapelekea notisi ya kuhama wapangaji wapatao 200 waliokuwa wakilipiwa kodi kwa msaada wa serikali, akasema anapendelea wahamiaji kutoka Ulaya Mashariki kwa kuwa hao hawakopi kodi. Mwanzoni mwa 2017, kabla ya sakata la bizari, alikuwa na orodha nyingine iliyowakataa, pamoja na wengine, wazazi wanaolea peke yao, wanawake waliopigwa na waume zao, na wafanyakazi wa vibarua visivyo na saa za uhakika. Mtu akisoma haraka atasema ni chuki dhidi ya wageni, lakini mbona Wapolandi anawasifu? Mimi naona mazoea ya mtu wa hesabu aliyechoka kusoma faili moja moja. Ana nyumba karibu elfu, kila mwombaji ni kazi, basi anatafuta alama ya nje itakayomfanyia uamuzi. Sifa za fungu zinamkwamisha aliye ndani ya fungu, ziwe za kusifu au za kulaumu. Kumsifu Mpolandi kuwa mlipaji ni kumsukuma nyuma ya foleni asiyekuwa Mpolandi.

Maili chache kutoka mahakamani

Kuna jambo la kijiografia ambalo msomaji wa Afrika Mashariki halimpiti. Maili chache magharibi ya Maidstone kuna mji mdogo uitwao West Malling, uliokuwa na kambi ya zamani ya jeshi la anga. Mwaka 1972, Idi Amin alipowapa Waasia wa Uganda siku 90 wawe wameondoka, zaidi ya 27,000 waliishia Uingereza, na kambi hiyo ilikuwa mojawapo ya zile walikopokelewa wakisubiri kupata nyumba. Hawa ni watu waliotoka Kampala, Jinja na Mbale, wengi wao wakijua Kiswahili cha dukani, waliofika wakiwa na sanduku na pauni chache. Shida yao kubwa baada ya koti ilikuwa ni nani atawapangisha. Baraza la mji wa Leicester lilifikia hatua ya kulipia tangazo kwenye gazeti la Uganda Argus, Septemba 1972, likiwashauri kwa faida yao wenyewe wasiende Leicester, kwa maelezo kwamba nyumba na shule zimejaa. Walikwenda hata hivyo, na leo huwezi kuusimulia mji ule bila wao.

Uingereza ilikuwa tayari na sheria. Ile ya kwanza ya mahusiano ya rangi, ya 1965, iligusa mahoteli na baa na mabasi lakini ikaiacha nyumba nje. Ndiyo maana kadi ziliendelea kubandikwa madirishani, zikisema chumba kipo lakini watu wa rangi hapana. Nyumba iliingizwa na sheria ya 1968, mwaka uleule ambao bunge hilohilo lilipitisha kwa siku chache sheria ya kuwazuia Waasia wa Kenya wenye pasi za Uingereza wasiingie nchini. Mkono mmoja ulifungua mlango wa nyumba, mwingine ukafunga mlango wa nchi. Barua ya Wilson, karibu miaka 50 baadaye, ilirudia maneno ya zile kadi karibu neno kwa neno. Tofauti ni kwamba kadi ilikuwa dirishani, mpita njia akaiona. Maelekezo kwa wakala mwombaji hayaoni. Anaambiwa tu nyumba imeshachukuliwa, anashukuru, anaondoka.

Kwa nini gharama haikumwokoa

Sheria ya Usawa ya 2010 inatofautisha namna mbili za ubaguzi, na kisa chote kimejengwa juu ya tofauti hiyo.

Namna ya kwanza ni ubaguzi wa moja kwa moja, kifungu cha 13: unamtendea mtu vibaya kuliko mwingine kwa sababu ya asili yake. Kwenye asili na rangi, hapa hakuna mlango wa kutokea. Huwezi kusema "ni kweli nilibagua, lakini kapeti lilinigharimu". Mahakama haifiki kwenye kapeti. Hata nia haihesabiki sana. Mtu anaweza kuwa na marafiki Wahindi, akala biriani kwenye harusi zao, na bado maelekezo yake yakawa haramu. Akisema ulikuwa utani, wakala anayepokea maelekezo ya kazi kwenye barua ya kazi hana namna ya kujua ni lini bosi anatania.

Namna ya pili ni ubaguzi usio wa moja kwa moja, kifungu cha 19. Hapa kanuni inaonekana haina mtu, inamhusu kila mmoja, ila ikitumika inaliumiza kundi fulani zaidi ya wengine. Hapa ndipo sababu inasikilizwa: je, lengo lako ni halali, na je, njia uliyotumia inalingana na lengo?

Tuseme Wilson angekuwa mjanja kidogo, akaandika: wanaopika kwa bizari hapana. Hajataja rangi. Angeponea? Kwa maoni yangu asingeponea. Kanuni hiyo ingewaangukia zaidi wenye asili ya Asia ya Kusini, kwa hiyo angetakiwa kueleza. Lengo, kulinda nyumba, ni halali kabisa. Njia ndiyo ingemwangusha, kwa sababu zipo njia nyepesi zaidi zinazolinda nyumba vizuri zaidi. Ukiwa na kufuli, huwezi kuiambia mahakama kwamba ilibidi ujenge ukuta.

Kufuli lenyewe ni dipoziti. England, tangu Aprili 2007, mwenye nyumba akipokea dipoziti kwenye upangaji wa kawaida lazima aiweke chini ya mfuko ulioidhinishwa, na tangu Juni 2019 haizidi kodi ya wiki tano kwa nyumba ambayo kodi yake ya mwaka haifiki pauni 50,000. Mpangaji akihama na mkagombana, mfuko una msuluhishi asiye na malipo. Msuluhishi haulizi mpangaji ametoka wapi. Anauliza vitu vitatu: nyumba ilikuwaje siku anaingia, ikoje siku anatoka, na kapeti lilikuwa na umri gani. Hili la mwisho linawauma wenye nyumba kuliko yote. Tuseme kapeti lilinunuliwa pauni 600, lilitarajiwa kudumu miaka 8, na mpangaji ametoka likiwa na miaka 6. Hata kama limeharibika kabisa kwa kosa lake, thamani iliyobaki ni miaka miwili kati ya minane, yaani pauni 150. Zile 450 tayari zililiwa na nyayo na jua, si na bizari. Mwenye nyumba anayedai 600 anataka mpangaji amnunulie kapeti jipya badala ya lile lililokwishachakaa.

Harufu nayo inathibitishika. Picha hainusi, lakini ripoti ya mtu wa tatu aliyekagua nyumba siku ya kuingia na siku ya kutoka ina sehemu ya kuandika "harufu ya chakula, sebuleni, kali". Stakabadhi ya kampuni ya kusafisha makapeti inaeleza ilisafishwa nini. Mwenye nyumba asiyekuwa na ripoti ya siku ya kuingia hupoteza karibu kila mara, na huyo ndiye utakayemkuta amekaa akilaumu kabila la mtu. Jambo moja tu aliangalie: sheria ya 2019 haimruhusu kudai mapema ada ya kusafishiwa nyumba. Anaweza kudai irudishwe safi kama ilivyopokelewa, basi.

Wakala naye

Dalali wa Kariakoo au Mwembe Tayari ataelewa sehemu hii vizuri. Kwetu ni kawaida mwenye nyumba kumwambia dalali "niletee mume na mke, wasiwe na watoto wengi, na kabila fulani sitaki", na dalali kuwaeleza wateja hivyohivyo bila aibu, kama anayetaja idadi ya vyumba. Kenya, Katiba ya 2010 kwenye kifungu cha 27 inamkataza hata mtu binafsi kubagua, si serikali peke yake, na Sheria ya Uwiano na Utangamano ya Kitaifa ya 2008 inagusa moja kwa moja ukabila katika umiliki na usimamizi wa mali. Madalali wengi hawajawahi kuisikia.

Kwa Waingereza kamba inawafunga wote wawili. Mwenye nyumba haruhusiwi kumwagiza mtu abague. Hilo peke yake ni kosa, hata kabla wakala hajamkataa yeyote. Wakala akitekeleza, "nilitumwa" si utetezi. Na upande wa pili, wakala akibagua kwa akili yake mwenyewe ndani ya kazi aliyopewa, mwenye nyumba anaweza kuwajibika bila hata kujua. Kwa hiyo mtu anayekaa Birmingham huku flati yake ya London inasimamiwa na wakala, asijifariji kwamba yeye hakutaja rangi ya mtu. Aulize anaowaleta wanachujwa vipi. Aombe kuona waliokataliwa na sababu yake. Nimeona wenye nyumba wenzetu, Waswahili kwa Waswahili, wakiona haya kuuliza swali hili kwa sababu wakala "ni mtaalamu". Mtaalamu anaweza kukupeleka mahakamani kwa utaalamu wake.

Wakala aliyepata barua kama ya Wilson ana jibu moja la maana: kukataa kwa maandishi, siku hiyohiyo. Asijibu kwa simu, asinyamaze akidhani atapuuza kimyakimya. Kimya chake ndicho kitakachosomwa baadaye kama ndiyo.

Machujio yasiyotaja rangi

Mwenye nyumba mwenye akili timamu leo haandiki kama Wilson. Makosa ya sasa yamevaa nguo nyingine.

Kubwa kuliko yote kwa wahamiaji linatokana na serikali yenyewe. Kuanzia Februari 2016, kila mwenye nyumba England anatakiwa kuhakikisha mpangaji ana haki ya kupanga kwa hali yake ya uhamiaji, na tangu Februari 2024 faini inaweza kufika pauni 10,000 kwa kila mkaaji, na 20,000 kwa kosa la kurudia. Mwoga afanyeje? Anaona jina Mwanaisha, anaona viza ya miaka miwili na nusu, anaona jina Smith lenye pasi ya Uingereza, nyekundu au ya buluu, anachagua Smith. Machi 2019 Mahakama Kuu ilikubali kwamba mpango huu unawasukuma wenye nyumba kubagua na ikauona ni kinyume cha haki za binadamu. Aprili 2020 Mahakama ya Rufaa ikatengua: ubaguzi unatokea, ndiyo, lakini mpango wenyewe unahalalishika. Mimi hukumu hiyo ya pili siipendi, ila hoja kwa mwenye nyumba haibadiliki. Serikali ikihalalishiwa mpango wake, wewe hujahalalishiwa kumruka Mwanaisha. Unamwomba kila mwombaji, Smith akiwemo, uthibitisho uleule, kwa hatua ileile, na anayekuletea msimbo wa mtandaoni wa kuonyesha haki yake unauingiza kwenye tovuti ya serikali, kazi ya dakika tano. Kosa linalojirudia ni kumwomba mwenye lafudhi na kumwacha asiye nayo.

Jingine ni lile la "No DSS", maneno ya matangazo yanayomaanisha wanaopokea msaada wa serikali wasijisumbue. Kipato si miongoni mwa sifa zinazolindwa na sheria ya 2010, na mawakala walitegemea hilo kwa miaka mingi. Julai 2020 Mahakama ya Kaunti ya York ilisikiliza shauri la mama mwenye ulemavu anayelea watoto peke yake, ikatamka kwamba katazo la jumla namna hiyo ni ubaguzi usio wa moja kwa moja, kwa kuwa wanaopokea msaada huo ni wanawake na wenye ulemavu kwa wingi zaidi. Tazama, kosa ni lilelile la Wilson: mwenye nyumba anataka kodi ilipwe, akaandika aina ya mtu. Angeandika kiasi cha kodi, akakubali mdhamini, akasoma rekodi ya malipo ya miaka miwili, angepata alichokitaka.

Watoto walikuwa na hadithi ya peke yake. Sehemu ya sheria ya 2010 inayohusu majengo haihesabu umri wala ndoa, kwa hiyo "watoto hapana" lilibaki kwenye matangazo bila kuguswa, isipokuwa kwa hoja kwamba linawaumiza akina mama zaidi. Sheria ya Haki za Wapangaji ya 2025 imekuja kuziba tundu hilo England, kwa watoto na kwa wanaopokea msaada. Kuhusu wanyama niseme moja tu: mbwa anayemwongoza kipofu msimtie kwenye "wanyama hapana".

Na anayepangisha chumba ndani ya nyumba anayolala mwenyewe, jiko na choo wakichangia? Huyo ana nafasi kidogo. Mama anayeishi na binti zake anaweza kutafuta mpangaji wa kike. Nafasi hiyo haifiki kwenye asili na rangi. Nalisema kwa sababu nimesikia wenzetu wakidai kwamba chumba cha ndani ni "mambo ya kifamilia" na kwa hiyo wanaweza kusema Mnaijeria hapana, Msomali hapana. Hawawezi. Sisi tuliosoma barua ya Wilson tukakasirika, orodha zetu za wasiotakiwa tumezihifadhi kichwani tukizitaja kwa Kiswahili, tukidhani lugha inatuficha.

Mwombaji aliyekataliwa ana miezi sita ya kufungua shauri mahakama ya kaunti. Akionyesha mambo yanayotia shaka, kwa mfano aliambiwa nyumba imechukuliwa halafu rafiki yake Mzungu akaalikwa kuiona kesho yake, mzigo unahamia kwa mwenye nyumba kueleza sababu nyingine. Hapo daftari ndilo linalosema. Nani aliomba, tarehe gani, alikidhi vigezo vipi vilivyoandikwa kabla ya tangazo kutoka, nani alikuwa wa kwanza. Mstari mmoja kwa kila mtu. Asiyekuwa nao atabaki kukumbuka, na kumbukumbu ya mtu aliyeshitakiwa haina uzito.

Nikijaribu kuiandika upya barua ile kwa wakala, nikibakiza kila hofu halali aliyokuwa nayo Wilson, inatoka hivi:

"Nyumba ni ya vyumba vitatu, mwombaji awe ameoa au hajaoa haijalishi. Kodi ni ile tuliyokubaliana. Asiyefikia kipato tulichoandika alete mdhamini. Waombaji wote waombwe uthibitisho uleule, niandikie waliokosa na sababu. Dipoziti ya wiki tano, iwekwe kwenye mfuko wiki hiyohiyo. Kapeti la sebuleni ni la mwaka 2015, liandikwe hivyo kwenye ripoti, na aliyekagua aandike kama kuna harufu yoyote sasa hivi. Jikoni tumetoa kapeti tumeweka vigae. Feni mpya inatoa hewa nje. Swichi yake imejificha nyuma ya friji, mwonyeshe mpangaji."